Maneno Manne ya Kihispania

Nilisema ndiyo. Nataka hilo lijulikane mapema, maana ndilo wanalolitangaza. Siku ile katika ofisi ya kijiji, Nkowe, afisa ustawi wa jamii alinisomea karatasi, akaniuliza kama maneno yale ni yangu, nikajibu kuwa ni yangu. Mjukuu wangu alikuwa mapajani mwangu anatafuna ncha ya kanga. Baada ya jibu hilo hakukaa tena mapajani mwangu hata robo saa.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Afisa mwenyewe ni binti wa umri wa wanangu. Alikuwa anasoma kimoyomoyo mstari mmoja, kisha anautoa kwa Kiswahili. "Bibi wa mtoto anaeleza kuwa mtoto ni mbaya wa sura. Anaeleza kuwa ni dhalili. Anaeleza kuwa hana thamani. Anamwita takataka." Akainua macho. "Mama, ulisema hukusema?"

"Nilisema."

"Mbele ya daktari?"

"Mbele ya daktari na Sista. Lakini mwanangu, sisi watu wa huku..."

"Inatosha, mama. Umekiri mwenyewe."

Tulikuwa wanne mle ndani, ukimtoa mtoto. Afisa. Karani wa masjala wa hospitali ya misheni, aliyekuja na faili kwapani. Mwenyekiti wetu wa kijiji. Na mimi, niliyeitwa kwa kuambiwa kwamba watu wa hospitali wamekuja kuangalia mshono wa mtoto unaendeleaje. Nilikwenda mbio, nikamwachia jirani ufuta wangu niliokuwa nimeuanika.

Mwenyekiti akapewa karatasi asaini. Akasaini. Akagonga mhuri wa kijiji mara mbili, maana wa kwanza haukushika wino. Mtoto alikwenda kwa afisa bila kulia, alivutiwa na kile kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Kilio kilianza mlangoni pa gari, alipogeuka akaona mimi sipandi. Alikuwa bado ameshika kanga yangu ya kujitanda, na kanga ikaenda naye.

Waliniambia ni kwa muda, mpaka uchunguzi ukamilike. Mwaka umepita na miezi juu yake. Sijaona mtu amekuja kuchunguza hata sufuria yangu.

Sasa nieleze nilivyofika pale, kwa sababu kuna watu Nkowe wanaamini nilimkataa mtoto kwa ajili ya mdomo wake.

Nimezaliwa Marambo, upande wa Nachingwea, tukahamia Nkowe ningali mdogo. Mama yangu alizika watoto wanne kabla yangu, hakuna aliyefikisha miezi mitatu. Nilipozaliwa mimi, bibi yangu alinifunga kwenye kaniki kuukuu akanipeleka nyuma ya jiko, akanilaza juu ya jalala la majivu. Jirani alikuwa ameshaambiwa apite pale kama mtu anayekwenda zake. Akapita, akaniokota, akapiga kelele kwamba ameona kitu kimetupwa na hakina mwenyewe. Mama akatoka akasema kama hukitaki nipe mimi, nitakitumia kuwatishia ndege shambani. Akapewa. Kuanzia hapo sikuwa mtoto wake, nilikuwa kitu cha kuokotwa, na kilichochukua wale wanne hakikuwa na sababu ya kunifuata.

Jina langu siliandiki hapa. Kwa Kimwera ni kile unachokifagia asubuhi ukakisukumia nje ya uwanja. Nimeitwa hivyo mpaka leo, na niko hai, nina miaka hamsini na ushee. Mama alikuwa akiniita kwa mapenzi, ananiita kibovu chake, kinyago chake, kile kisichouzika. Mgeni akija akasema "mtoto mzuri huyu", mama alikuwa anakunja uso. Mgeni mwenye adabu alikuwa anasema "Mh, kibaya hiki, mnakilisha cha nini?" Hapo mama anacheka na kumwekea kiti.

Hayo si mambo ya zamani tu. Nenda leo Chunyu, nenda Marambo, kaa na mama aliyezika, usikilize anavyomwita aliyebaki. Awe Muislamu, awe Mkristo, utasikia yale yale.

Binti yangu alizika wawili. Wa tatu alikuwa huyu, na katika kumzaa huyu binti yangu hakuamka. Niliachiwa mtoto wa kike ana siku moja, mdomo wake wa juu umepasuka mpaka puani, wenyewe wanauita mdomo sungura. Hawezi kunyonya hata angekuwa na wa kumnyonyesha. Nilimlisha kwa kijiko. Unamkalisha wima, unadondosha tone, unasubiri ameze, unadondosha jingine. Ukiharakisha, maziwa yanatokea puani na anapaliwa. Kikombe kimoja cha chai kilikuwa kinachukua asubuhi nzima. Miezi minane nilifanya hivyo, sikulima msimu ule, korosho zangu niliziacha watu waokote.

Na muda wote huo nilimwita kwa majina mabaya niliyoyajua. Sikubakiza. Nilimvika gauni la viraka juu, na ndani yake fulana mpya nyeupe. Tukitoka nyumbani nilimpaka majivu kidogo kwenye paji la uso. Niliogopa macho ya watu, na niliogopa kile kilichowajua ndugu zake.

Ikatangazwa kwamba daktari wa kupasua midomo anakuja kwenye hospitali ya misheni, upande wa Nachingwea, anatoka Hispania, atakaa wiki mbili. Nikapanda bodaboda na mtoto mgongoni. Pale hospitalini alikuwepo Sista mmoja mzee, naye Mhispania, amekaa huku miaka mingi mpaka Kimwera chake kinawashinda wanangu. Yeye ndiye alikuwa mkalimani. Mimi nasema Kimwera changu kilichochanganyika na Kiswahili, yeye anampa daktari Kihispania.

Ilipofika zamu yangu nilimweka mtoto mezani nikasema kama inavyotakiwa kusema mtu anapokabidhi kitu cha thamani kwa mgeni. Nilisema, "Sista, nimewaletea kikorokoro changu. Kibaya, kimekonda, si lolote si chochote. Mkishindwa kukishona, kitupeni kwa kuku."

Sista alicheka. Akamwinamia mtoto, akamjibu kwa Kimwera kwamba hata kuku watamkataa, wana heshima zao. Nikajua niko mahali pazuri. Daktari akauliza wanacheka nini, Sista akamweleza kwa lugha yao, na daktari naye akacheka, akasema neno, akaandika kwenye kadi huku anatabasamu. Nilimwona kwa macho yangu akitabasamu. Kesho yake alimshona. Baada ya siku tano tulirudi nyumbani, mtoto ana uzi mdomoni na uji unapita bila kutokea puani.

Hakuna aliyekosea mpaka hapo. Nimelifikiria sana jambo hili, nimeligeuza huku na huku, na hadi hapo simlaumu mtu.

Daktari akaenda zake. Wiki ya pili Sista akapata habari mama yake mzazi anaumwa huko kwao, naye akaondoka. Zikabaki zile kadi kwenye masjala, zimeandikwa Kihispania, na madaktari wa pale hawakisomi. Ikabidi zigeuzwe kuwa za Kiingereza ziingie kwenye mafaili. Kazi hiyo alipewa karani, kwa kuwa ana simu nzuri na amesoma.

Huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Mwezi baada ya mtoto kuchukuliwa nilimfuata masjala, nikamkuta anakunywa chai. Hakunifukuza, hilo nalikiri. Nilimwuliza aliyapata wapi yale maneno. Akafungua simu akanionyesha: unaandika neno la Kihispania, simu inakupa la Kiingereza, na si moja, inakupa matatu manne, mengine laini, mengine makali, wewe unachagua.

"Na wewe ulichagua yepi?"

"Bibi, yale ya kiofisi."

"Ya kiofisi ndiyo yapi?"

"Yenye uzito. Ripoti ikiwa na maneno ya kubembeleza, wakubwa wanasema karani hajui lugha."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu alitaka aonekane anajua Kiingereza. Kila neno lilipokuwa na ngazi nne, yeye alipanda mpaka ile ya juu, ili wakubwa wamwone. Wakubwa waliposoma, wakaita ustawi wa jamii.

Sista alirudi baada ya miezi mitano, amemzika mama yake. Aliposikia, alikuja Nkowe mwenyewe, amekaa nyuma ya bodaboda na ile nguo yake ndefu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa ameiomba kadi ile ya kwanza, mwandiko wa daktari wenyewe, akaja na nakala yake. Tulikaa kwenye benchi langu, akanipitisha neno moja moja. Mimi darasa la tano sikulimaliza, lakini maneno hayo manne ninayajua kuliko yeyote wilayani, na nitayaandika.

La kwanza daktari aliandika "feúcha". Wao wana neno la mtu mbaya wa sura, liko wazi kama kofi. Hili si lile. Hili limepunguzwa makali, linasemwa kwa mtoto wako, kwa paka wako, kwa nguo unayoipenda iliyokwisha pauka. Adui humwiti hivyo. Karani aliliacha hilo na kuandika lile la kofi.

La pili, "canija". Ni mtoto mwembamba asiyenona. Sista anasema kwao wakubwa kwa wadogo wanaitana hivyo mezani wakigombea chakula. Karani akaandika neno la Kiingereza ambalo afisa alilitoa kama "dhalili". Kutoka kukonda mpaka kudhalilika ni mbali, lakini yeye alifika kwa kidole kimoja.

La tatu, "poquita cosa". Kitu kidogo tu. Mwalimu mmoja mstaafu hapa Ruangwa, aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, aliniambia hata Waingereza wanayo maneno ya kitu kidogo ambayo bibi anaweza kumwambia mjukuu wake bila mtu kugeuza shingo. Yalikuwepo. Karani akaandika "hana thamani".

La nne, "cachivache". Hapo Sista aliugeuzia macho mwiko wangu uliokatika, kinu changu kilichopasuka, ungo usio na kingo, akasema, hivi vyote, hivi usivyotaka kuvitupa. Ni kikorokoro. Ni neno langu mimi lile lile. Karani akaandika "takataka".

Nilimwuliza Sista kwa nini yeye hakusema neno lolote la kutukinga alipoyatoa kwa Kihispania. Akasema hakuona haja, kwa sababu kwao pia kuna wanawake wazee wanaomwambia mtoto mchanga ni mbaya ili asitazamwe kwa jicho la husuda, na daktari alicheka kwa kuwa shangazi yake alikuwa hivyo. Maana yake niliyoyasema yalivuka bahari yakaeleweka. Yaliharibikia hapa, mezani kwa karani, kilomita chache kutoka nilikozaliwa, mikononi mwa mtu ambaye bibi yake mwenyewe, nina hakika, alimwita vibaya zaidi.

Kisha akanisomea mstari wa mwisho wa kadi. Daktari alikuwa ameandika, "Bibi habanduki kwa mtoto hata dakika moja. Kwa malezi haya atapona vizuri." Mstari huo haumo kwenye karatasi ya Kiingereza. Nilipanda tena bodaboda kwenda kumwuliza karani. Alisema mwandiko pale chini ulikuwa mbaya, akauacha.

Akauacha. Yale manne aliyasoma vizuri.

Simwachi Sista. Nilimwambia usoni kwamba naye yumo, kwa kuondoka bila kuzitafsiri kadi zake. Alikubali kuwa ni kweli, na akakaa usiku ule akiandika barua. Aliandika kwa Kiswahili, akatafsiri kadi yote mstari kwa mstari, akaweka jina lake na sahihi. Tulimpelekea afisa pamoja.

Afisa ndiye wa pili. Aliisoma barua yote, sitasema hakuisoma. Akasema hati inayotambulika kwenye faili ni ile ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo yenye mhuri wa masjala. Sista akamwambia, "Mimi ndiye niliyekuwepo, binti yangu, mimi ndiye niliyesema maneno hayo kwa daktari." Afisa akajibu kwa upole kabisa, upole ule unaomfanya mtu atamani kupigwa, kwamba anaelewa, ila hata bila maneno, kuna taarifa ya mavazi: mtoto alifika hospitalini na gauni la viraka, na majivu usoni. Nilimwambia angefunua ndani ya viraka angeona fulana mpya. Alisema wakati huo hakuwepo.

Na wa tatu ndiye anayenichoma zaidi. Mwenyekiti.

Karani ni kijana wa mjini, afisa ametoka mkoa mwingine, hata kama bibi zao waliyajua haya, mama zao hawakuwafundisha. Mwenyekiti wetu amezaliwa Chunyu na amekulia hapa. Mama yake alizika watatu. Yeye mwenyewe aliokotwa jalalani kama mimi, na jina lake la utotoni ni baya kuliko langu, tulikuwa tunacheka tukiwa wadogo yupi kati yetu angeliwa na funza kwanza. Alilibadilisha alipogombea. Leo anaitwa jina la kupendeza, limechapwa kwenye mabango.

Mtu huyo alikaa kwenye kiti chake siku ile, akasikia nikianza kusema "sisi watu wa huku", akasikia nakatizwa, akatazama mezani. Neno moja lingetosha. Angesema, afisa, hiyo ni desturi yetu, hata mimi. Nilimkuta kisimani siku ya tatu, nikamwuliza mbele ya wanawake.

"Ulitaka niseme nini, dada?" alisema. "Nimwambie mtu wa serikali kwamba kijiji changu bado wanalaza watoto jalalani?"

"Ungemwambia ulilala wewe."

Akasema nisimvunjie heshima, akapanda pikipiki yake.

Aliona aibu. Ndiyo bei ya mjukuu wangu hiyo, aibu ya mwanamume mmoja mbele ya binti mwenye kitambulisho shingoni.

Nilikwenda mara moja kwenye kituo cha watoto walikompeleka. Ni mbali, nje ya mkoa, Sista alinisindikiza. Mtoto ana afya, sitasema uongo. Mshono umekauka vizuri, unaonekana kama uzi. Anatembea. Alinitazama kama unavyomtazama muuza mboga. Na wamempa jina jipya, jina la kito, kitu kinachong'aa. Kila anayepita anamwita hilo, kwa sauti, na kumwambia ni mzuri, mrembo kuliko wote, na wageni wanaokuja na pipi wanampiga picha. Watu wema. Mtoto ambaye mama yake na ndugu zake wako chini, amesimama uwanjani anatangazwa kwa kila mwenye masikio.

Sikuvumilia. Alipokaribia, nilimvuta, nikamnong'oneza sikioni lile jina lake la nyumbani, na mengine mawili matatu, harakaharaka, kumfunika. Akacheka. Nadhani aliyakumbuka, sijui. Mlezi alikuwa nyuma yangu na akasikia. Aliniuliza kwa Kiswahili umemwambia nini mtoto, na mimi, kama siku ile ya kwanza, sikuweza kudanganya.

Liliingia kwenye faili. Barua ikaletwa kwa mwenyekiti, akaniletea nyumbani: bibi asiruhusiwe kumtembelea mtoto mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo, kwa kuwa anaendelea kumtolea lugha ya kumdhalilisha. Mwenyekiti alinikabidhi bila kuketi.

Nimeandika haya ili niulize, na nataka majibu. Karani, uje useme ni nani alikwambia kwamba neno zito ndilo neno la kweli, na ule mstari wa mwisho uliuacha kwa ruhusa ya nani. Afisa, uje useme uchunguzi ulioniahidi umefanywa na nani, siku gani, katika nyumba ipi, maana yangu haijaingiwa. Mwenyekiti, uitishe mkutano wa kijiji, na mhuri wako uwe mezani, uwaeleze waliokuchagua ulichokuwa unakijua siku ile na kwa nini ulinyamaza. Ile kadi ya daktari ipo, Sista yupo, anakisoma Kihispania. Isomwe yote mpaka chini, mbele yenu watatu, kwa sauti. Kisha mmoja wenu, simchagui mimi, jichagueni wenyewe, apande gari lile lile aende akamlete.